Mji Mdogo au Jiji Kubwa? Namna ya Kupiga Hesabu ya Gharama za Maisha Kabla Hujahama

Ukiuliza watu kama maisha ya mji mdogo ni nafuu kuliko ya jiji kubwa, karibu wote watakutajia pango. Hawakosei. Pango ndilo linalotofautiana sana, na ndilo linaloonekana kwa haraka. Ila hakuna anayehama na pango peke yake. Unahama na mshahara, mwenza na watoto, pengine na mkopo ambao haujaisha au maradhi yanayohitaji daktari bingwa kila baada ya miezi michache. Hivyo vyote vina bei, na bei hizo hazishuki pamoja na pango.

Mwongozo huu ni wa anayefikiria kuhama kwa dhati, kutoka jijini kwenda mji mdogo au kinyume chake. Utahitaji daftari au jedwali la kompyuta, taarifa za benki na za malipo ya simu za miezi mitatu iliyopita, na jioni kadhaa zisizo na haraka. Bei za huku na kule utaziandika, lakini si zenyewe tunazozitafuta. Tunatafuta kiasi kitakachobaki mkononi mwako mwisho wa mwezi katika kila mahali.

Hatua ya 1: Anza na kipato

Wengi huanza na bei, na hapo ndipo hesabu inapopinda. Jiulize kwanza: ukihama, pesa yako inahama nawe?

Kuna kipato kinachokufuata popote, kama pensheni, kodi ya nyumba uliyopangisha, au kazi ya mtandaoni ambayo mwajiri hajali unaishi wapi. Mwenye kipato cha namna hii ndiye anayefaidi mji mdogo kuliko wote. Hata hivyo, asome mkataba kwanza, kwa sababu zipo kampuni zinazopunguza mshahara wa mfanyakazi wa mbali akihamia eneo la gharama ndogo.

Kuna kipato kinacholipwa kwa ngazi moja nchi nzima, kama ilivyo kwa watumishi wengi wa umma. Hapa uliza habari ya posho ya jiji, maana ukiondoka unaiacha. Nchini Uingereza, kwa mfano, wafanyakazi wengi wa huduma ya afya ya umma, NHS, hupata nyongeza ya asilimia 20 ya mshahara wa msingi wakiwa London ya ndani, asilimia 15 London ya nje, na asilimia 5 katika maeneo yanayolizunguka jiji. Nyongeza hiyo imewekewa kiwango cha chini na cha juu. Pango la London halina aliyeliwekea kikomo kama hicho, kwa hiyo aliye kwenye ngazi hiyo asidhani posho inamfidia tofauti yote.

Halafu kuna kipato kinachotegemea mahali: biashara, ufundi, vibarua, na ajira nyingi za kampuni binafsi. Usiuchukue mshahara wako wa sasa ukauandika kwenye safu ya mji mdogo kana kwamba unausubiri huko. Tafuta matangazo halisi ya kazi yako katika mji ule, andika mshahara unaotajwa, kisha hesabu matangazo yenyewe ni mangapi. Ukiona nafasi mbili tu kwa mwaka mzima, hiyo mbili ina uzito kuliko mshahara ulioandikwa, na tutairudia kwenye hatua ya 8.

Fanya hivyo hivyo kwa mwenza wako. Familia nyingi huhama kwa kufuata kazi ya mmoja, kisha mwingine anakaa miezi bila kipato kwa sababu mji hauna kazi ya fani yake. Katika jedwali huo ni mshahara mzima uliopotea, na hakuna pango la chini linaloufidia.

Wachumi Sherwin Rosen mwaka 1979 na Jennifer Roback mwaka 1982 walieleza kwa nini tofauti hizi zinakwenda pamoja: mishahara, pango na mazuri ya mahali hupangana kwa pamoja. Watu hukubali kulipa pango kubwa mahali penye mshahara mkubwa au penye raha ya kuishi. Kwa hiyo ukiona mji wenye pango la chini ajabu, usishangilie kabla hujajua sababu. Mara nyingi ni ajira, wakati mwingine ni huduma. Mara chache ni kwamba watu bado hawajaugundua.

Andika kipato baada ya makato, kwa kila mwenye kipato katika familia, katika safu mbili. Hapo umemaliza nusu ya kazi.

Hatua ya 2: Toa matumizi yako kwenye kumbukumbu za benki, si kichwani

Kichwani tunakumbuka pango na ada ya shule. Hatukumbuki makato ya kutuma pesa, vocha, na teksi ya siku ile mvua iliponyesha. Pitia miezi mitatu mstari kwa mstari, kisha ongeza vitu vinavyolipwa mara moja kwa mwaka, kama bima na ada, ukivigawa kwa 12.

Kwa nini usitumie wastani ulio tayari mtandaoni? Kwa sababu ule ni wastani wa familia isiyo yako. Mwaka 1857 mtakwimu Mjerumani Ernst Engel alionyesha kwamba kadiri kipato cha familia kinavyokuwa kikubwa, ndivyo sehemu yake inayokwenda kwenye chakula inavyokuwa ndogo. Watu wawili wanaweza kuhamia mji uleule mwezi uleule, mmoja akaona nafuu kwenye chakula na mwingine asiione kabisa, kwa kuwa pesa yake inaishia kwenye pango na ada.

Tovuti za kulinganisha miji zina tatizo jingine. Numbeo, inayojulikana kuliko nyingi, hutegemea bei zinazoingizwa na watumiaji wenyewe, na huupa mji wa New York alama 100 kuwa kipimo. Kwa jiji kubwa wachangiaji ni wengi na wastani unatulia. Kwa mji mdogo unaweza kukuta namba zimetokana na watu wachache tu, tena wa zamani. Itumie kupata picha ya haraka, usiitumie kuamua. Ukiwa Marekani una bahati ya kuwa na takwimu rasmi: ofisi ya serikali ya uchambuzi wa uchumi, BEA, hutoa kila mwaka viwango vya bei vya majimbo na maeneo ya miji, wastani wa taifa ukiwa 100. Nchi nyingi hazina kitu cha kina hicho, na utalazimika kukusanya bei mwenyewe.

Hatua ya 3: Tenga kinachosafiri na kisichosafiri

Sasa chukua orodha yako na kwa kila mstari uliza: kitu hiki kinaweza kupakiwa kwenye lori, au lazima kifanyike hapo hapo?

Kinyozi hapakiwi kwenye lori, wala fundi bomba, mlezi wa mtoto au chumba cha kulala. Bei za vitu hivi hufuata mishahara na pango la mahali penyewe, kwa hiyo katika mji mdogo huwa chini, pengine chini sana. Simu, tairi, dawa, kompyuta na nguo za kiwandani husafiri. Bei yake kiwandani ni moja, na mji ulio mbali na ghala unaongezewa gharama ya kuvifikisha. Vya mtandaoni, kama programu unazolipia kila mwezi, kwa kawaida havijui umehama.

Ukishatenga makundi haya mawili, utaona haraka kama mji mdogo unakufaa. Mwenye watoto wadogo wanaohitaji mlezi ana mengi ya kuokoa. Kijana anayeishi peke yake, ambaye pesa yake nyingi inakwenda kwenye vifaa, intaneti na safari, hana mengi zaidi ya pango.

Chakula kiko katikati, nacho huwadanganya wengi. Kilicholimwa jirani na mji huwa nafuu huko. Cha kiwandani kinaweza kuwa ghali kuliko jijini. Mwaka 2015 wachumi Jessie Handbury na David Weinstein walichapisha uchambuzi wa bei za vyakula vya madukani katika miji ya Marekani. Walipolinganisha bidhaa ileile, katika duka la aina ileile, kwa mnunuzi wa aina ileile, na kuzingatia wingi wa bidhaa zinazopatikana, ile imani kwamba miji mikubwa ni ghali kwa chakula iligeuka. Gharama ilipungua kadiri jiji lilivyokuwa kubwa. Wakazi wa majiji walionekana kulipa zaidi kwa sababu walinunua vitu vya daraja la juu.

Kwa hiyo unapokusanya bei, linganisha kitu kilekile, kwa ujazo uleule. Pakiti ndogo ya dukani haiwekwi kando ya mfuko mkubwa wa jumla. Chagua vitu kama ishirini unavyonunua kweli, mtafute mtu aliye huko akupigie picha bei za rafu, na usisahau kumuuliza ni vipi ambavyo havipatikani kabisa.

Kuna mtego hapa ambao watakwimu wanaujua tangu karne ya 19. Étienne Laspeyres, mwaka 1871, alipendekeza kupima bei mpya kwa kapu la zamani, yaani orodha ya vitu watu walivyokuwa wakinunua. Hermann Paasche, mwaka 1874, akapendekeza kapu jipya. Wewe fanya yote mawili. Kwanza peleka kapu lako la sasa mji mdogo ulipie bei za huko. Kisha fikiria utakavyoishi kweli ukiwa huko, uandike kapu hilo, ulipime kwa bei za pande zote mbili. Kapu la zamani huifanya gharama ya kuhama ionekane kubwa, kwa sababu unalazimisha maisha ya jijini mahali yasipo. Kapu jipya lina kosa lake: linahesabu kama akiba vitu ulivyovikosa tu. Kama ulikuwa ukienda sinema kila wiki na huko sinema hakuna, pesa imebaki mfukoni, lakini usiseme maisha yamekuwa nafuu. Ukweli uko kati ya majibu hayo mawili.

Hatua ya 4: Pango na usafiri ni mstari mmoja

Kama una muda wa hatua moja tu, fanya hii.

Mwaka 1964 William Alonso, mtaalamu wa uchumi wa miji, aliandika kwa kina jambo ambalo kila mpangaji analijua kwa miguu yake: kadiri unavyosogea mbali na katikati ya jiji, pango linapungua na gharama ya kufika inapanda. Vitu viwili hivi hubadilishana, na kuvitazama kimoja kimoja ni kujidanganya. Ile kanuni maarufu ya kwamba nyumba isizidi asilimia 30 ya kipato ilitoka kwenye nyumba za umma za Marekani: sheria ya 1969 iliweka kikomo cha asilimia 25, na mwaka 1981 kikapandishwa hadi 30. Haikutungwa kwa ajili ya mtu anayechagua kati ya jiji lenye mabasi na mji usio nayo. Kituo cha Center for Neighborhood Technology cha Chicago kinatumia kipimo kinachofaa zaidi: nyumba na usafiri kwa pamoja visizidi asilimia 45.

Tuseme mshahara wako wa jijini, baada ya makato, ni mafungu 100. Pango linakula 34 na nauli 8, jumla 42. Katika mji mdogo, nyumba ya ukubwa uleule ni mafungu 17, nusu kamili. Wengi hapo huanza kufunga mizigo. Lakini huko mabasi ni ya kubahatisha, na kazi, shule na soko viko pande tatu tofauti, kwa hiyo unanunua gari. Mafuta, bima, matengenezo, matairi, na thamani inayopungua hata gari likiwa limeegeshwa: mafungu 19. Jumla ni 36. Ile akiba ya 17 imebaki 6.

Ingiza sasa jibu la hatua ya 1. Mshahara wa huko ni mafungu 90. Mafungu 36 kati ya 90 ni asilimia 40, chini ya 42 za jijini, kwa hiyo kwa asilimia mji mdogo umeshinda. Hesabu pesa mkononi: jijini umebakiwa na 58, huko 54. Asilimia imeshuka, na pesa imeshuka pia.

Matumizi mengine yote yakiwa 45 jijini na 40 mji mdogo, unamaliza mwezi na 13 jijini, 14 huko. Umeokoa fungu moja.

Badilisha kitu kimoja tu. Katika mji uleule unapata nyumba ambayo kutoka hapo unatembea hadi kazini, gari hulihitaji, usafiri unashuka hadi 4. Kinachobaki kinaruka kutoka 14 hadi 29. Hata ukilipa pango la mafungu 22 kwa nyumba hiyo badala ya 17, bado unabakiwa na 24. Mtaa unaochagua ndani ya mji unaweza kuwa na uzito kuliko uamuzi wa kuondoka jijini, na bado watu hutumia miezi kuchagua mji na siku moja kuchagua nyumba.

Kuhusu pango lenyewe, usiwaulize wenyeji wa miaka mingi. Wanalipa kodi ya zamani. Muulize aliyehamia ndani ya mwaka uliopita, na uliza alichokubaliana na mwenye nyumba, maana bei ya tangazo si lazima iwe ndiyo iliyolipwa.

Hatua ya 5: Hesabu saa

Chukua mshahara, toa usafiri, gawa kwa saa za kazi pamoja na saa za njiani. Katika mfano wetu, jijini unafanya kazi saa 180 kwa mwezi na foleni inakula 50. Mji mdogo ni 180 na 12. Jijini: mafungu 92 kwa saa 230, yaani 0.40 kwa saa. Mji mdogo kwa gari: mafungu 71 kwa saa 192, yaani 0.37. Mji mdogo kwa miguu, hata muda wa njiani ukiwa uleule: 86 kwa 192, yaani 0.45.

Gari linabeba pia watoto na mizigo, kwa hiyo si haki kulitwisha mshahara lote. Hata hivyo namba hii hufichua kama unachookoa kwenye foleni unakilipia kwa njia nyingine.

Hatua ya 6: Vinavyokuja mara chache

Hivi havimo kwenye taarifa zako za miezi mitatu. Daktari bingwa, kipuri ambacho hakipo, mtihani unaofanyikia makao makuu, hati inayotolewa ofisi moja tu, mtoto anayefika umri wa shule isiyokuwepo mjini. Kwa kila kimoja andika ni mara ngapi kwa mwaka, kisha zidisha kwa nauli, malazi na mshahara wa siku utakazokosa kazini. Gawa kwa 12, iwe mstari wa kila mwezi. Mwenye maradhi ya kudumu anaweza kukuta mstari huu umemeza tofauti yote ya pango.

Angalia pia wauzaji wako wangapi. Mji wenye kampuni moja ya intaneti au shule moja binafsi hauna ushindani, na bei hupangwa na aliyepo.

Kwa anayeelekea jijini, mstari unaosahaulika ni wa vishawishi. Jijini kila kitu kiko hatua chache kutoka mlangoni na wenzako wanatumia. Ongeza kiasi cha matumizi ya kujumuika, bila aibu.

Hatua ya 7: Kuhama kwenyewe

Amana, dalali, lori, samani zisizoingia nyumba mpya, siku bila kazi, sare mpya za shule. Jumlisha yote, gawa kwa unachookoa kila mwezi. Kuhama kukigharimu mafungu 40 na ukaokoa fungu moja kwa mwezi, utarudisha pesa yako baada ya miezi 40. Ukiokoa 16, yaani tofauti ya 29 na 13 kwenye mfano wetu, ni miezi miwili na nusu. Kama huna hakika ya kukaa muda huo, hesabu imekwisha.

Hatua ya 8: Kazi ikikatika?

Rudi kwenye zile nafasi mbili za kazi kwa mwaka. Jijini ukipoteza kazi, unatafuta kwa mwajiri mwingine bila kuhama nyumba. Katika mji unaotegemea kiwanda kimoja au ofisi moja kubwa, kazi ikipotea huenda ukahitaji kuhama tena, na kama umenunua nyumba utaiuza wakati majirani nao wanauza. Akiba ya dharura iwe ya miezi mingi kuliko uliyozoea, na gharama ya kuijaza iingie kwenye jedwali kama matumizi mengine.

Kwa sababu hiyo, panga kwanza, nunua baadaye. Aliyeuza nyumba jijini akakaa miaka mji mdogo anaweza kukuta bei za jijini zimepanda na pesa yake haimrudishi. Ukiweza, nyumba ya jijini ipangishe kwa muda kabla ya kuiuza.

Hatua ya 9: Kakae mwezi mmoja

Usiende likizoni. Nenda wakati mbaya kuliko yote mahali hapo, iwe ni joto kali, baridi, mvua au msimu wa wageni ambapo bei hupanda. Panga chumba, amka saa za kazi, nenda unakodhani utafanyia kazi na urudi kwa usafiri utakaotumia. Andika kila senti kwenye safu ya tatu, kando ya makadirio yako.

Mstari wowote uliokosea kwa zaidi ya robo ufuatilie mpaka ujue sababu, ukianza na usafiri na umeme. Tofauti ya mwisho kati ya miji miwili ikiwa chini ya mafungu matano kati ya 100, chukulia kwamba pesa haijaamua. Makadirio yako hayawezi kuwa sahihi kiasi hicho. Amua kwa wazazi, shule, afya au kazi unayoipenda, na uwaambie wazi wa nyumbani kwamba hamhami kwa ajili ya unafuu. Ukishahama, jaza safu ya nne kwa matumizi halisi ya miezi sita, kabla hujasaini mkataba wa pili wa pango.